Bana Pumzi: Niliyojifunza Nikipiga Picha za Mirija ya Nyongo

Wagonjwa wanaoletwa kwangu kwa kipimo cha MRCP, yaani picha za mirija ya nyongo na kongosho zinazopigwa kwa mashine ya MRI, huwa wameshahangaika. Macho yamegeuka manjano, mkojo umekolea rangi, choo kimepauka, na ngozi inawawasha mpaka wanajikuna usingizini. Wamepimwa damu, bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, iko juu. Wamefanyiwa ultrasaundi, na mara nyingi majibu yake ni yale yale: mirija ya nyongo imetanuka, sababu haikuonekana. Huo si uzembe wa aliyepima. Ncha ya chini ya mrija mkuu wa nyongo hupita nyuma ya utumbo na kuzama kwenye kichwa cha kongosho, na utumbo ukiwa na gesi, mawimbi ya ultrasaundi hayapenyi. Basi daktari anaandika fomu nyingine, na mgonjwa anafika mlangoni kwangu na karatasi yenye herufi nne ambazo hakuna aliyemweleza.

Mimi ni mpiga picha wa MRI. Kusoma majibu ni kazi ya daktari wa radiolojia. Yangu ni kuhakikisha kwamba atakapokaa kuzisoma zile picha, zina kitu cha kusomeka. Na kwa miaka niliyokaa kwenye kazi hii nina msimamo mmoja siuachi: picha ya mirija ya nyongo hupatikana au huharibika kabla kitanda hakijaingia kwenye sumaku. Inategemea mgonjwa ameandaliwaje, ameelezwa nini, na anapumuaje. Mashine ya kisasa inasaidia, lakini nimeshaona mashine ya kisasa ikitoa ukungu mtupu kwa sababu aliyelala ndani yake hakuambiwa chochote.

Swali la kwanza ninaloulizwa ni kama kuna sindano. Kwa MRCP ya kawaida, hakuna. La pili ni kuhusu mionzi. MRI haitumii eksirei. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Hapo wengi hupumua kidogo, kisha wanauliza: sasa kama hamnidungi dawa, hiyo mirija mtaionaje? Swali hilo nalipenda, na huwa nalijibu kwa kirefu hata kama kuna foleni, kwa sababu mtu akielewa jibu lake, sehemu kubwa ya maelekezo yangu anajikumbusha mwenyewe.

Jibu ni maji. Ndani ya maji kuna haidrojeni, na viini vyake vikiwa ndani ya sumaku hujipanga. Tukivipiga kwa mawimbi ya redio vinaitika, kisha mwitiko wake unafifia. MRCP imejengwa juu ya kufifia huko. Mwitiko wa ini, wa misuli na wa kuta za utumbo huzimika upesi, ndani ya milisekunde zisizofika hata 100. Wa majimaji yaliyotulia unadumu zaidi sana. Kwa hiyo tunasubiri. Kwenye baadhi ya picha tunasubiri milisekunde 700 au zaidi ndipo tusikilize, na kufikia hapo ini limeshanyamaza. Damu nayo, kwa kuwa haitulii, haiachi mwanga. Kinachobaki kung'aa ni nyongo kwenye mirija yake, majimaji ya kongosho, na maji mengine yoyote yaliyotulia tumboni. Nyongo ya mgonjwa mwenyewe ndiyo inayofanya kazi ya dawa ya kung'arisha. Na kwa kuwa hatuingizi kitu chochote kwa msukumo, mirija tunaiona katika upana wake halisi.

Ukishaelewa hilo, sharti la kutokula linajieleza. Maji yaliyomo tumboni na kwenye utumbo mwembamba yanang'aa vile vile, na utumbo unaanza karibu kabisa na mahali mrija mkuu unapoishia. Mtu akija ameshiba, tunapata bonge jeupe katikati ya picha, na nyuma yake ndipo penye jibu tunalolitafuta. Zaidi ya hapo, chakula, hasa chenye mafuta, huufanya mfuko wa nyongo ujikunje na kumwaga kilichomo. Mfuko uliojikunja hauonyeshi mawe yake vizuri. Ndiyo maana tunasema mtu asile wala asinywe kwa muda wa saa 4 hadi 6. Funda dogo la maji la kumezea dawa halina shida, na hili nalisema wazi, kwa sababu wapo wanaoacha dawa zao za presha wakidhani ndivyo wanavyotakiwa. Mwenye kisukari namwomba daktari wake atuandikie afanye nini na insulini siku hiyo, halafu namweka wa kwanza asubuhi. Sioni sababu ya mtu wa kisukari kukaa na njaa hadi mchana eti kwa kuwa jina lake liko chini kwenye orodha.

Tumbo likiwa na maji hata baada ya kufunga, ipo njia inayoshangaza wengi: juisi ya nanasi. Nanasi lina madini ya manganizi, ambayo hufupisha mwitiko wa maji yale yaliyo tumboni, yakaonekana meusi badala ya meupe. Glasi moja dakika chache kabla ya kipimo, na lile bonge jeupe linatoweka. Zipo pia dawa zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, lakini juisi inafanya kazi na haimtishi mtu.

Maswali ya usalama sitayaeleza yote. Yapo kwenye fomu ya kila chumba cha MRI. Lakini niseme hili kwa uzito unaostahili: sumaku haizimwi usiku wala sikukuu. Sumaku ya tesla 1.5 ina nguvu takriban mara 30,000 kuliko ya dunia yenyewe, na iko hivyo hata wakati mashine haipigi kelele. Betri ya moyo, klipu zilizowekwa kwenye mishipa ya ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, kipande cha chuma jichoni: kila kimoja lazima nikijue kabla mtu hajavuka kizingiti. Mafundi wanaochomelea na kusaga vyuma nawauliza mara mbili kuhusu macho, na kukiwa na shaka tunapiga eksirei ya macho kwanza. Mgonjwa wa nyongo ana swali lake la ziada: umeshafanyiwa upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo? Klipu zinazoachwa pale kwa kawaida ni za titani na hazimdhuru, ila huacha doa jeusi kwenye picha, na doa hilo linaweza kudhaniwa kuwa jiwe au kukatika kwa mrija. Nikijua mapema, namwandikia daktari wa radiolojia naye ajue.

Sasa nije kwenye pumzi, maana hapo ndipo penye kazi.

Ini limeegemea kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Ukivuta pumzi kiwambo kinashuka, ini linashuka nacho, na mirija yote inafuata. Mtu akipumua kwa utulivu tu, safari hiyo ni sentimita moja hivi au zaidi. Mrija mkuu wa nyongo kwa kawaida una upana wa milimita 6 au pungufu. Yaani kitu tunachokipiga picha kinahama umbali unaozidi upana wake wenyewe, kinarudi, kinahama tena, bila kukoma. Tukipiga bila kulijali hilo, mrija mmoja unaonekana miwili, kingo zinafutika, na kijiwe kinamezwa na ukungu.

Zipo njia mbili. Ya kwanza, mgonjwa anabana pumzi na sisi tunapiga upesi. Picha ya kipande kinene, inayobeba mirija yote kwa pamoja, huchukua sekunde chache tu. Ya pili, mgonjwa anapumua kama kawaida na mashine inamfuata, inapiga kila mara anaposhusha pumzi na kutulia, na mwisho wake tunapata picha ya pande tatu yenye vipande vyembamba vya milimita moja hivi. Hiyo huchukua dakika kadhaa, na anayepumua ovyo ovyo huifanya iwe ndefu zaidi.

Huwa nawaambia watoe pumzi kwanza ndipo wabane. Wengi wakisikia "bana pumzi" wanajaza kifua hadi mabega yanapanda. Shida ni kwamba mtu hajazi kifua kwa kiasi kile kile mara zote. Leo kiwambo kimeshuka hapa, picha inayofuata kimeshuka pale. Mtu akishatoa pumzi bila kulazimisha, kiwambo hurudi karibu mahali pale pale kila mara. Lakini kubana pumzi kifua kikiwa kitupu ni kugumu, hasa kwa mgonjwa aliyechoka. Kwa hiyo tunafanya mazoezi nje, kwenye kiti, kabla ya kingine chochote. Naweka mkono wangu juu ya tumbo lake, kwa ruhusa yake, na kumwambia: vuta pumzi, toa, bana hapo hapo. Pumua. Tena. Mkono ndio unaoniambia anachofanya. Wapo wanaopumua kwa tumbo na wapo wanaopumua kwa kifua, na mkanda wa kufuatilia pumzi lazima ukae pale mwili unapopanda na kushuka zaidi. Ukimfunga mkanda wa tumboni mtu anayepumua kwa kifua, mashine haioni kitu, na wewe utabaki kuilaumu mashine.

Siku moja binti alimleta mama yake, bibi aliyekula chumvi nyingi, macho manjano kabisa, mwili umekwisha. Masikio yake yalikuwa mazito hata kabla ya vizibo. Ndani ya MRI lazima masikio yazibwe kwa sababu ya kelele, na juu yake anavishwa vipokea sauti ambamo natoa maelekezo. Kwa bibi yule sauti yangu haikufika. Nilipompa amri ya kubana, kwenye kioo changu mstari wa pumzi yake uliendelea kupanda na kushuka kama vile sikusema neno. Picha ya kwanza ilionyesha mrija mpana wenye kingo mbili mbili, na ncha ya chini haikuonekana.

Tulimtoa, nikakaa naye. Binti nilimpitisha kwenye maswali yote ya usalama kana kwamba yeye ndiye mgonjwa, akavua hereni, akatoa pini za nywele, akaacha simu nje. Kisha tukapatana: binti atasimama miguuni mwa kitanda. Akibonyeza wayo wa bibi kwa kidole gumba, bibi anatoa pumzi na kubana. Akiachia, bibi anapumua. Tulifanya mazoezi hayo nje. Bibi aliponielewa aliniuliza, "Mwanangu, unataka niache kupumua? Si ndiyo kufa huko?" Nikainama karibu na sikio lake nikamwambia, "Bibi, ni kwa muda mfupi tu. Ukishindwa, pumua. Hakuna atakayekugombeza, tutarudia." Akatikisa kichwa kukubali.

Nilikuwa natazama mstari wa pumzi kwenye kioo huku nikimpa binti ishara kwa mkono kupitia dirishani. Kidole kilibonyeza, mstari ukashuka, ukanyooka. Nikapiga. Na pale chini, karibu kabisa na mlango wa kuingilia utumboni, kilionekana kijiwe: doa jeusi lenye ukingo wa juu wa mviringo, nyongo nyeupe imekizunguka kwa juu, na mrija kiliouziba umetanuka mpaka ndani ya ini. Tulirudia mara kadhaa na kila mara kilikuwa mahali pale pale. Bibi alitolewa jiwe lile kwa ERCP, yaani kwa endoskopu, bomba lenye kamera linalopitishwa mdomoni, bila kukatwa tumbo.

Tangu siku hiyo sikubali kuambiwa kwamba mgonjwa "hashirikiani". Kila ninapolisikia neno hilo nauliza kwanza kama anasikia, kama anaelewa lugha tunayomsemesha, kama ana maumivu. Mwenye maumivu ya juu kulia hapumui vizuri kwa sababu pumzi yenyewe inamchoma. Akipewa dawa ya maumivu wodini kabla ya kuletwa, na mto chini ya magoti, anakuwa mtu mwingine kabisa. Anayeogopa kufungiwa namwingiza kwa kutanguliza miguu, kichwa kikae karibu na mlango wa mashine, na namfunika macho kwa kitambaa kabla kitanda hakijasogea, si baada ya kuona mahali anapoingia. Mkononi anashika kibofu cha kubonyeza, na namfanya akibonyeze hapo hapo ili asikie kwamba kinaniita kweli.

Jambo jingine: nawaomba wasisinzie. Inaonekana ukatili kumzuia mgonjwa aliyekesha akijikuna asipate usingizi kidogo, lakini mtu akilala pumzi yake hubadilika, inakuwa ndefu, inakatika, anakoroma, na mashine iliyokuwa ikimfuata inapotea njia. Namsemesha kila baada ya picha. Namwambia imebaki ngapi. Mtu akijua imebaki moja, anajikaza.

Picha zikishatoka, kuna ile ya pande tatu inayozungushwa kwenye kioo, mirija inaonekana kama mti uliopukutika majani, shina chini na matawi yakitawanyika ndani ya ini. Ni picha nzuri sana kuitazama. Ndiyo ambayo kila mtu huiomba, na ndiyo ninayoiamini kidogo kuliko zote. Kompyuta huiunda kwa kuchagua nukta inayong'aa zaidi kwenye kila mstari wa kutazamia. Kijiwe kidogo kilichozungukwa na nyongo pande zote kinafunikwa na mwanga wa nyongo iliyo mbele na nyuma yake. Kinatoweka. Kwa hiyo, mgonjwa akiwa bado kitandani, nafungua vipande vyembamba, kimoja kimoja, kuanzia juu hadi chini. Wapo wenzangu wanaosema hiyo ni kazi ya daktari. Ni kweli kusoma ni kazi yake, lakini daktari atazifungua picha hizo mgonjwa akiwa ameshaondoka. Mimi ndiye ninayeweza kurudia sasa hivi.

Na yapo mengi ya kurudiwa. Doa jeusi ndani ya mrija si lazima liwe jiwe. Inaweza kuwa hewa, hasa kwa mtu aliyeshafanyiwa ERCP au kuwekewa mrija wa plastiki au wa chuma. Hewa huelea na jiwe huzama. Mtu akiwa amelala chali, hewa hukaa upande wa mbele wa mrija na jiwe upande wa mgongo. Hilo huwezi kulijua kwenye picha iliyopigwa kutoka mbele pekee, unahitaji vipande vya kukata mwili kwa upana. Kuna mahali mshipa wa damu uendao upande wa kulia wa ini unapopita nyuma ya mrija wa nyongo. Mapigo yake yanaweza kuufanya mrija uonekane umebanwa wakati hauna tatizo. Na kule chini mwisho, misuli inayofungua na kufunga mlango wa nyongo ikijikaza hutengeneza umbo linalofanana na jiwe. Ndiyo sababu picha ya kipande kinene siipigi mara moja. Naipiga, nasubiri kidogo, naipiga tena. Misuli huachia, jiwe haliondoki.

Hata hivyo vijiwe vidogo sana, vya chini ya milimita 5, na zaidi vile vya milimita 3, vinaweza kujificha hata kwenye picha iliyopigwa kwa uangalifu wote. Picha safi kwa mgonjwa ambaye dalili zake hazikomi haifungi mjadala. Hapo madaktari hutumia ultrasaundi inayopitishwa mdomoni kwa endoskopu, ambayo huutazama mrija kutoka karibu kabisa.

Daktari mmoja mzee niliyefanya naye kazi alipenda kutukumbusha kwa nini tunajisumbua hivi. ERCP ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 na William McCune na wenzake nchini Marekani: endoskopu inapitishwa mdomoni hadi utumbo mwembamba, dawa inasukumwa kwenye mirija, eksirei inapigwa. Mwaka 1974 madaktari wa Japani na Ujerumani wakaeleza jinsi ya kuukata mlango wa nyongo kwa njia hiyo hiyo na kutoa mawe. Yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini ERCP ina gharama yake mwilini: takriban watu 3 hadi 10 kati ya kila 100 hupata uvimbe wa kongosho baada yake, na wengine huugua vibaya. Kwa miaka mingi, mtu aliingizwa kwenye hatari hiyo ili kujua tu kama ana jiwe. MRCP ilipoelezwa mwaka 1991 nchini Ujerumani, ikawezekana kujua kwanza bila kugusa mrija. Leo, panapopatikana MRI, ERCP hutumika zaidi kutibu. Kwa hiyo picha yangu ikiwa na ukungu, matokeo yake ni mtu kupitishiwa endoskopu bila sababu, au kurudishwa nyumbani na jiwe lake.

Kuna hali moja ambayo sitaki kabisa kuiona kwenye foleni yangu, na naomba kila mwenye mgonjwa nyumbani aijue. Homa yenye kutetemeka, maumivu ya juu kulia mwa tumbo, na macho ya manjano, vyote kwa pamoja. Jean-Martin Charcot wa Ufaransa alizieleza dalili hizo tatu mwaka 1877 na hazijabadilika: ni maambukizi ndani ya mirija iliyoziba, na yanaua. Niliwahi kumkuta mzee kwenye benchi la kusubiri amejifunika blanketi, meno yanagongana, mtoto wake ananiambia wameambiwa wasubiri kipimo kwanza. Sikumwingiza kwenye mashine. Nilipiga simu nikamwita daktari wa zamu, akarudishwa wodini, akaanzishiwa dawa za bakteria kwenye mshipa na mrija ukafunguliwa. Picha ni kitu kizuri, lakini usaha uliofungiwa ndani ya mirija unahitaji kutolewa, na MRI haiwezi kuutoa.

Sehemu inayonichosha kuliko zote ni fomu. Fomu inakuja imeandikwa "maumivu ya tumbo", basi. Nikiandikiwa swali, naweza kupanga kipimo kwa ajili ya swali hilo. Kama shida ni kongosho, kuna homoni ya sekretini inayodungwa ili kongosho litoe majimaji mengi. Mirija yake myembamba hujaa na kuonekana kwa dakika chache. Kama mtu amefanyiwa upasuaji na nyongo inavuja tumboni, ipo dawa ya kung'arisha picha yenye gadoliniamu, ambayo ini huichuja na kuitoa kupitia nyongo, na baada ya dakika 20 hivi tunaona inapomwagikia. Kama ni ndugu anayetaka kumpa mgonjwa sehemu ya ini lake, nahitaji kila tawi lionekane, kwa sababu mirija ya nyongo haifanani kwa watu wote. Kwa baadhi yetu tawi la nyuma la upande wa kulia huingia kwenye mrija wa kushoto, na mpasuaji asiyelijua hilo anaweza kulikata. Na kwa mjamzito mwenye manjano, kujua kwamba ni mjamzito kunanifanya nimpange bila gadoliniamu, na MRCP inawezekana bila hiyo. Fomu ikija tupu, namwuliza mgonjwa mwenyewe, napiga simu wodini, natafuta. Wagonjwa ninaowashauri nawaambia: muulize daktari wako, "Unataka kujua nini hasa?" na jibu lake liandikwe kwenye karatasi.

Wakishuka kitandani karibu wote huniuliza nimeona nini. Nimejibiwa mwenyewe kwa ukimya nilipokuwa mgonjwa, najua unavyouma, kwa hiyo siwajibu kwa ukimya. Nawaambia picha zimetoka vizuri na pumzi zao zimesaidia, kwamba atakayezisoma ni daktari wa radiolojia, na kwamba mimi nikitoa nusu ya jibu naweza kumtia mtu hofu isiyo na msingi au kumpa furaha ya uongo. Nikiona jambo la haraka, nampigia daktari mgonjwa akiwa bado anavaa viatu.

Halafu nawasisitizia waombe nakala ya picha zenyewe, kwenye diski au kwa njia yoyote inayopatikana, waitunze pamoja na ripoti na waende nayo kila wanapopelekwa. Ripoti ni maneno ya daktari mmoja kwa siku moja. Mpasuaji atataka kuzungusha picha mwenyewe, aone mrija wa mfuko wa nyongo unaungana wapi na mrija mkuu, upana umefika milimita ngapi, na kama jiwe limesogea tangu kipimo kilichopita.